Sanduku la kuchimbia: miezi saba pamoja na Kito na Zawadi

Asubuhi ile nilitoka uani nikakuta waridi la marehemu mama limelala ubavu, mizizi juu, udongo umetapakaa hadi kizingitini. Mama alilipanda kwa kijiti alichokatiwa na rafiki yake, akalimwagilia kwa kopo kila jioni mpaka likashika. Kito, mbwa wangu dume wa miaka mitatu, alikuwa amekaa kando ya shimo, pua imejaa udongo, mkia unapiga chini kwa furaha ya kuniona. Nikamshika ukosi, nikamwinamisha pua shimoni, nikampazia sauti ambayo sijawahi kumpazia mtu yeyote. Akajikunja. Masikio yakaenda nyuma, macho akayaficha pembeni, akakojoa kidogo palepale. Nikajiambia: basi, anajua kosa lake.

Jioni hiyohiyo niliagiza sanduku la kuchimbia la mbwa, yaani sanduku la mchanga ambamo mbwa anaachiwa achimbe badala ya kuchimba ua. Sasa ni mwezi wa saba tangu lifike. Nimeona watu wengi wakiulizana kama vitu hivi vinasaidia kweli, na majibu wanayopewa ni ya mkato: ndiyo, hapana, ni upuuzi. Mimi ninao mbwa wawili, na sanduku hilohilo moja lilimfaa mmoja kabisa huku mwenzake akilipuuza. Ndiyo maana naona nieleze kwa kirefu.

Nianze na kilichofika mlangoni. Ni boksi bapa lenye mbao nane za msonobari, nguzo nne fupi za pembeni, kitambaa cheusi cha kutandika chini, kifuniko cha vipande viwili, bawaba nne na mfuko wa skrubu. Kitambaa kile kinapitisha maji lakini kinazuia mchanga usitoroke, na kwa kweli ndicho kitu kilichofikiriwa vizuri kuliko vyote humo ndani. Likisimama, sanduku lina urefu wa sentimita 120, upana wa 90 na kimo cha 30. Niliunga peke yangu kwa bisibisi ya mkono, nikamaliza kabla ya saa sita mchana. Mbao zimepigwa msasa na hazijapakwa dawa wala rangi, jambo ambalo niliuliza kabla ya kulipa, kwa sababu Kito hutafuna kingo za kila kitu. Tatizo pekee siku hiyo lilikuwa ncha tatu za skrubu zilizotokeza kwa ndani. Pitisha kiganja chako kila upande kabla hujamwita mbwa. Usipozikuta wewe, atazikuta yeye kwa nyayo zake. Mimi nilizisaga kwa tupa.

Karatasi ya maelekezo haikusema neno hata moja kuhusu uzito. Nilijaza theluthi mbili tu, kina cha sentimita 20, na nikatumia mifuko 14 ya mchanga ya kilo 25. Hiyo ni kilo 350. Likishajaa halisogei tena, labda ulichote mchanga wote kwa koleo, kwa hiyo mahali pa kuliweka pachagueni kwanza, tena mpachague kwa kukaa hapo mchana mkaona jua linavyozunguka. Karatasi inasema ujaze hadi juu. Usiifuate. Mbwa anayechimba kwa bidii hurusha mchanga nyuma kwa nguvu, na sanduku lililojaa pomoni litakuwa nusu tupu baada ya siku mbili, huku mchanga umezagaa kwenye majani. Na mchanga wenyewe uwe ule uliooshwa, wa kuchezea watoto. Ule wa ujenzi una vumbi, na hujui umechanganyika na nini.

Sanduku lilichukua kama wiki mbili kufika, na katika kungoja huko nilimpeleka Zawadi, mbwa wangu wa pili, kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya chanjo. Nikamsimulia habari ya waridi, nikamwambia nimeagiza sanduku. Hakulisifu wala hakuliponda. Aliniuliza, "Dada, mashimo yenyewe yako wapi? Na yana umbo gani?" Sikuwa na jibu. Miaka mitatu nayafukia mashimo, sijawahi kuyatazama hata mara moja. Akaniambia nirudi nyumbani, nichore ramani ya ua, na kila nikikuta shimo jipya niweke alama, niandike saa, niandike kama nilikuwepo nyumbani au nilitoka, niandike hali ya hewa.

Hiyo karatasi, ambayo sikuinunua popote, imenisaidia kuliko sanduku. Baada ya siku kumi na mbili ilikuwa na mashimo 11, nami nikaanza kuona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: mashimo yalikuwa ya aina mbili. Saba yalikuwa membamba, ya kina kirefu, yameinama kama mlango wa handaki, na yote yalifuata mstari mmoja kutoka kwenye rundo la kuni hadi shina la waridi. Manne yalikuwa mapana, ya kina kifupi, duara kama bakuli, yote upande wa ukuta wenye kivuli, na yote yalichimbwa kati ya saa sita na saa tisa mchana.

Yale membamba ni ya Kito. Mama yake alikuwa na damu ya Jack Russell, mbwa aliyepewa jina la kasisi wa Uingereza wa karne ya 19, John Russell, ambaye alifuga mbwa wadogo wa kuwinda mbweha. Ukoo mzima wa mbwa wa aina hiyo unaitwa terrier, neno ambalo mzizi wake ni terra, yaani ardhi kwa Kilatini. Ni mbwa wa kuingia shimoni. Dachshund naye ni hivyohivyo, jina lake kwa Kijerumani ni mbwa wa Dachs, mnyama jamaa wa nyegere anayeishi chini ya ardhi. Wafugaji walichagua kizazi baada ya kizazi wale waliochimba kwa moyo mmoja, wakazalisha hao. Sasa mbwa huyo yuko uani kwangu, na chini ya rundo la kuni kuna panya, na njia yao inapita chini ya waridi. Nilipofukua taratibu kwa mkono niliiona njia yenyewe, tundu la ukubwa wa dole gumba, limesuguliwa laini. Kito hakuwa na ugomvi na waridi la mama. Alikuwa kazini.

Yale mapana ni ya Zawadi, jike wa miaka tisa, mkubwa, mwenye manyoya mazito aliyorithi kwa baba mwenye damu ya Husky, mbwa wa nchi za baridi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anatoa kidogo tu kwenye nyayo, mengine yote anategemea kuhema, na joto lake la kawaida tayari liko juu ya letu, linaweza kufika nyuzi 39. Udongo wa chini ni baridi kuliko wa juu. Zawadi anafukua tabaka lenye joto, anazunguka mara mbili, anajilaza tumbo chini na kuvuta pumzi ndefu. Yeye anatafuta kitanda cha baridi, hana habari na panya.

Nilikuwa nimeagiza sanduku moja kwa ajili ya matatizo mawili yasiyohusiana kabisa.

Siku ya kwanza ya sanduku sitaisahau. Nilisoma kwenye karatasi ya maelekezo kwamba nifukie vipande vya nyama mchangani ili kumvutia mbwa. Nilifanya hivyo mara moja, nikaona Kito anameza nyama pamoja na mchanga kinywa kizima, nikaacha palepale. Mchanga ukijaa tumboni unaweza kuziba utumbo, na hilo ni jambo la kumkimbiza mbwa hospitali. Badala yake nikachukua mpira wake wa kamba, ule anaoupenda mpaka analala nao, nikauzika nusu mbele ya macho yake. Akaukwapua. Nikausifu ushindi wake kama amekamata simba. Nikauzika tena, safari hii yote. Mara ya nne niliuzika yeye akiwa ndani ya nyumba, kisha nikamfungulia mlango.

Alilizunguka sanduku mara moja, pua chini. Akaruka ndani, akasimama, akawa kama amegeuka jiwe, kichwa kimeinama upande wa kushoto, pua inafanya kazi peke yake. Wataalamu wanasema mbwa anaweza kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300 puani, sisi tunavyo kama milioni sita, na mtu anayemtazama mbwa wakati kama huo hahitaji kuhesabiwa. Halafu akaanza. Mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, kwa mwendo wa mtu anayetwanga, mchanga ukipita kati ya miguu ya nyuma kama maji. Anasimama, anatumbukiza pua hadi machoni, anapiga chafya, anaendelea. Alipoufikia mpira hakuondoka nao. Aliuweka ukingoni, akanitazama, akarudi kuchimba. Nilikaa chini kwenye majani nikalia kidogo. Miaka mitatu mnyama huyu alikuwa na kitu kimoja anachokijua kwa damu yake, nami nilikuwa nikimgombeza kwa hicho.

Tangazo la mtengenezaji linadai sanduku "linakomesha uchimbaji" kwa siku saba. Si kweli, na nasema hivi nikiwa nimeridhika na bidhaa. Uchimbaji haukomi, unahama, na kuhama kwenyewe kulituchukua karibu wiki sita. Katika wiki hizo kazi ilikuwa yangu zaidi kuliko ya sanduku. Nilihamisha rundo la kuni na kuliinua juu ya matofali ili panya wakose makazi. Sumu sikuweka, kwa sababu mbwa anayekula panya aliyekufa kwa sumu anaweza kuumia yeye. Nililipanda waridi upya na kulizungushia mawe makubwa, na chini ya udongo nikatandaza wavu wa waya, kingo zake nimezikunja kwenda chini zisimchane nyayo. Kila Kito alipoanza kukwangua pengine sikupiga kelele. Nilimwita kwa sauti ya kawaida, nikamwongoza kwenye sanduku, akachimba huko, nikamsifu. Na kila asubuhi, kabla hajatoka, nilizika vitu vitatu vinavyobadilika: leo mpira na kamba, kesho soksi kuukuu iliyofungwa fundo. Nilipokuwa mgonjwa siku nne nikaacha kuzika, siku ya nne alikuwa ameanza shimo jipya karibu na bomba. Sanduku tupu ni sanduku la mchanga tu. Kinachomvuta ni uwezekano wa kupata kitu.

Naye anahitaji kutembezwa. Siku ambazo Kito amepata matembezi marefu, yale ya kunusa kila nguzo bila haraka, huchimba robo saa na kulala. Siku asizotoka, hata sanduku halimtoshi.

Zawadi hakuligusa. Alinusa mchanga, akakanyaga kwa mguu mmoja, akaenda zake kwenye bakuli lake la udongo ukutani. Kwake nilifanya mambo rahisi: nikamtundikia turubai la kivuli, nikamwekea beseni pana la maji ya kina kifupi, na mchana wa joto namruhusu kulala ndani kwenye sakafu tupu. Mashimo yake yakapungua yenyewe. Moja nimemwachia. Liko mahali pasipomsumbua mtu, nami nalimwagia maji kidogo saa tano. Cha ajabu, mwezi wa tatu mvua ilinyesha usiku, kifuniko nilisahau wazi, mchanga ukalowa, na asubuhi nilimkuta bibi huyu amejilaza ndani ya sanduku kama malkia. Tangu hapo nalowesha upande mmoja siku za jua kali, na wanagawana.

Sasa nirudi kwenye ile sura ya Kito asubuhi ya waridi, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwezi wa pili nilirudi nyumbani nikakuta shimo chini ya dirisha. Sikusema kitu. Nilikunja mikono tu, nikatazama. Kito akajikunja vilevile, masikio nyuma, macho pembeni, sura nzima ya mwizi aliyekamatwa. Nyuma yake alisimama Zawadi, tumbo zima limepakaa tope. Shimo lilikuwa pana, duara, kina kifupi. Lilikuwa la Zawadi, na Kito ndiye aliyekuwa akiomba radhi.

Mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilichunguza hili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Aligundua kwamba ile sura tunayoiita ya hatia hutokea mbwa anapogombezwa, awe amekosa au hajakosa. Mbwa anausoma mwili wetu na kujaribu kututuliza. Nilipolijua hilo nikamkumbuka yule aliyekojoa kwa woga mbele yangu. Alikuwa amemaliza kuchimba labda saa nzima nyuma, mimi nikatokea, akafurahi kuniona, na kilichofuata furaha yake kilikuwa mkono wangu kwenye ukosi. Alichojifunza ni kwamba mimi natisha nikiwa karibu na mashimo. Jamani, msiwainamishe pua mashimoni. Haifundishi kitu.

Na kwa kuwa wengi hutaja dawa za kienyeji, niseme nilizozijaribu kabla ya sanduku. Pilipili ya unga iliwasha macho ya Kito, na shimo likachimbwa hatua mbili pembeni. Kuzika kinyesi chake shimoni kulifanya kazi kwa shimo lile tu, na kulinipa kazi chafu yenye mayai ya minyoo. Kile kifaa kinachotoa mlio ambao sikio la mtu halisikii kilimfanya Zawadi, ambaye hakuwa na kosa, akatae kutoka nje siku mbili. Mipira ya nondo, vile vidonge vya kufukuza wadudu kwenye nguo, niliambiwa na mtu, na daktari akanikataza kwa ukali: ni sumu kwa mbwa.

Kasoro za sanduku lenyewe. Bawaba ziliota kutu mwezi wa nne, na mbili zilikatika mwezi wa sita. Niliwaandikia wauzaji, wakanijibu kwamba kutu si sehemu ya dhamana, jibu la kusikitisha kwa bidhaa inayokaa nje maisha yake yote. Nimeweka za shaba nyeupe kwa mkono wangu. Kifuniko ni kizito kwa mtoto kukiinua salama, na hakina kitu cha kukizuia kisianguke, kwa hiyo nimefunga kamba pande zote mbili. Lakini kifuniko ni lazima, msikiache: paka wa jirani hutafuta mchanga mlaini kama huo usiku kwa haja zao. Kila wiki nachambua mchanga kwa reki, na kila miezi mitatu napanga kuongeza mfuko mmoja, maana hupungua. Kucha za mbele za Kito sasa zinajisaga zenyewe, ila namkagua kati ya vidole kila jioni, mchanga hujificha humo na ngozi ikawa nyekundu mara mbili.

Kama mbwa wako anachimba kwa uwindaji au kwa kukosa kazi, linunue, au chonga lako kwa mbao ulizonazo, mbwa hatajua tofauti. Mbwa anayefukia mifupa naye atalipenda. Kuzika akiba ni tabia ambayo mbweha na mbwa mwitu wanayo pia. Kama ni joto, nunua turubai. Jike anayechimba shimo la kulala akiwa na mimba, au wiki kadhaa baada ya kipindi chake cha kutaka dume akiwa na mimba ya uongo, anahitaji sanduku la kuzalia au daktari. Na mashimo yakiwa chini ya uzio tu, huyo anataka kutoka, na swali ni kwa nini.

Jirani yangu alikuja mwezi uliopita kulitazama sanduku, tayari amekwisha amua kuagiza. "Mama, wangu anachimba getini mpaka kucha zinatoka damu," aliniambia. Nikamwuliza saa ngapi. Akafikiri. Akasema ni wakati wa ngurumo, na siku zile watu wanapolipua fataki, na kila anapomwacha peke yake. Sikumwonyesha hata karatasi ya maelekezo. Nilimpa namba ya daktari wangu, na jioni hiyo tukazika wavu wa waya chini ya geti lake, nusu mita kwenda chini, umekunjwa kwa ndani, ili angalau asitoke barabarani wakati anatibiwa hofu.